Bobcat 743 inakunywa oili ya haidroliki, nimebadilisha hozi lakini bado (uzi mrefu, mrejesho upo ndani)

Tofali Sita

Wakuu heshima kwenu. Nina Bobcat 743, kile kipakiaji kidogo chenye baketi mbele, mkweche wa miaka ya 80, injini ya Kubota ya silinda nne. Ipo Mkuranga kwenye kiwanda changu cha tofali, kazi yake kupakia mchanga kwenye mikisa na kusogeza kokoto. Injini haina neno, asubuhi inawaka kwa funguo moja. Kinachonimaliza ni oili ya haidroliki. Kila siku ya tatu naongeza lita nne, tano.

Chini pameloa, ubavuni pameloa, ndani ya kebini kwenye pedeli pameloa mpaka viatu vya opereta vinateleza. Ukipiga magoti kuchungulia huoni inaanzia wapi, maana mafuta na mchanga vimegandamana vikawa udongo mweusi, ukipanda muhogo unaota.

Nimeshabadilisha hozi mbili, zile zilizolowa kuliko wenzake. Fundi wa kwanza alikaza kila kinachokazika. Wa pili akazungushia tepu nyeupe ya mabomba ya maji kila fitingi aliyoifikia. Bado inaliki. Sasa nimeambiwa ninunue pampu. Kabla sijauza mbuzi naomba ushauri.

Fundi Mnyamavu

Mkuu, mbuzi waache kwanza. Pampu ikichoka mashine inakosa nguvu, mkono wa baketi unapanda kwa kujivuta. Haiwezi kuwa sababu ya pedeli kuloa.

Ulibadilisha hozi kwa sababu zimelowa, na hapo ndipo hela yako ilipopotelea. Oili inateremka, feni inaipuliza, mikono ikipanda na kushuka inaisambaza. Hozi iliyolowa inaweza kuwa nzima kabisa, imemwagiwa na jirani yake wa juu.

Anza na hiyo tepu, itoe yote. Fitingi za mashine hii ya Kimarekani nyingi haziwi kavu kwa sababu ya meno. Kuna za koni, ambapo chuma kinabanana na chuma kwa pembe ya nyuzi 37, na kuna zenye oringi, yaani pete ya mpira, shingoni. Meno kazi yake ni kuvuta tu. Ukizungushia tepu hujaziba chochote, na kipande kikikatika kinasafiri hadi kwenye vavu kinakwama kwenye spuli, ile fimbo inayoteleza ndani yake kugawa mafuta. Utarudi hapa na uzi mwingine, mkono umegoma kushuka.

Halafu ioshe, na sisemi kuimwagia maji. Fungua bamba la chini, komba huo udongo kwa spachula, paka dizeli kwa brashi, iache kidogo, ndipo uje na sabuni ya unga na maji ya presha. Mdomo wa hewa na oltaneta funika kwa nailoni. Ikikauka chukua poda ya watoto, ile ya dukani, ipulize kwenye vavu, kwenye vichwa vya jeki (zile silinda za mafuta zinazosukuma mikono) na kwenye maungio ya hozi. Washa, ipate moto dakika kumi na tano, fanya kazi kidogo, zima. Kwenye poda utaona mstari. Ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Hapo unapoanzia ndipo penye ugonjwa, huko chini kote ni machozi.

Na tusizikane. Mikono ikiwa juu, weka kile kizuizi chake cha chuma kabla hujaingiza hata kidole. Mikono hiyo imeshikiliwa na mafuta tu. Ukilegeza hozi inashuka yote kwa mpigo. Kabla ya kufungua fitingi yoyote, shusha mikono chini kabisa, zima, kisha kanyaga pedeli zote mbili mbele na nyuma mara kadhaa mpaka presha iishe. Na usitafute liki kwa mkono. Pitisha kipande cha kadibodi.

Nesi wa Zamu

Naomba nikazie hapo kwenye kadibodi, mimi siyo fundi ila nimempokea mtu wa hivi. Alikuja anatembea mwenyewe, anataniana na aliyemleta. Kwenye kidole cha shahada kuna kitundu kama cha sindano, damu hakuna, hata maumivu ni kidogo. Alikuja kuomba plasta. Kumbe alipapasa hozi iliyotoboka huku mashine inaunguruma.

Mafuta yenye presha yakipenya ngozi yanakimbia kando ya kano kuelekea kiganjani na yanaua nyama yanakopita. Saa chache baadaye kidole kimevimba, kimekufa ganzi, kimebadilika rangi. Hiyo ni ya daktari wa upasuaji, afungue na kusafisha siku hiyo hiyo, na kila saa inayopita ina gharama yake. Ukifika mapokezi usiseme "nimejichoma". Sema mafuta ya haidroliki yameingia kwa presha, rudia mpaka wakuelewe. Yule wa kwetu alipoteza kidole.

Mwana wa Gereji

Wakuu msimchoshe bosi wa tofali. Chupa moja ya brekifluidi kwenye tangi la haidroliki, sili (mipira ya kuzibia) zinavimba, liki kwisha. Tulifanya kwenye tipa.

Fundi Mnyamavu

Zinavimba kweli. Wiki mbili tatu unamwita aliyekushauri mchawi. Kisha zinalainika zinakuwa kama kashata iliyoachwa juani, na hapo inavuja kila mahali kwa pamoja, hadi palipokuwa pazima. Oringi za mashine hizi ni mpira wa naitrili. Naitrili na brekifluidi haviiviani chungu kimoja. Tipa hiyo iko wapi leo?

Mwana wa Gereji

Iliuzwa 😂

Tofali Sita

Mrejesho, wakuu. Kuosha kumenila siku nzima na vijana wawili. Kwenye ule udongo tumeokota spana 13, vizibo vya soda na pete ya ndoa ambayo mpaka sasa hakuna aliyejitokeza.

Tulifungua zile nati mbili za mbele, tukailaza kebini nyuma, tukapuliza poda. Baada ya robo saa mistari ilikuwa mitatu.

Wa kwanza unaanzia kwenye vavu, pale fitingi inapoingia kwenye mwili wa vavu. Nikafungua, oringi imekuwa bapa, imekauka, nilipoichokonoa ikavunjika kama tambi kavu. Wa pili upo upande wa pedeli, spuli inapotoka nje ya vavu kuungana na fimbo. Sili yake imeliwa na mchanga.

Wa tatu ndio ulionitoa jasho. Ni hozi mpya. Moja ya zile mbili nilizobadilisha! Inavujia kwenye nati, nikaikaza, ikazidi. Nikaifungua nikaona ile nati hata kabla haijakazwa inachezacheza kwenye meno. Nikaibeba pamoja na ile ya zamani hadi mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mzee mmoja mwenye geji ya meno. Ya zamani: robo tatu ya inchi, meno 16 kwa inchi. Niliyouziwa: BSP (meno ya kipimo cha Uingereza) ya nusu inchi, meno 14.

Fundi Mnyamavu

Shukuru imevuja tu. Hiyo ilikuwa imeshikilia kwa ncha za meno, ingeruka siku moja mkono ukiwa juu. Huku kwetu BSP ndiyo iliyozoeleka, mtu akiona kichwa cha hozi ya nusu inchi mkono wake wenyewe unakwenda kwenye kasha la BSP. Mashine ya Marekani mpelekee hozi ya zamani au fitingi yenyewe, ajaribishe mbele yako kwa vidole. Inayofaa inaingia yote kwa vidole bila kucheza.

Ukiwa hapo soma maandishi kwenye mpira. 1SN ina waya tabaka moja, kwa nusu inchi inabeba presha ya bar 160. 2SN ina matabaka mawili, bar 275. Kwa jeki za mashine yako usikubali chini ya 2SN, kwa sababu baketi ikigonga kisiki presha inaruka ghafla na haikupigii hodi. Wakishaikata waambie waipulize ndani kwa kompresa, unga wa mpira na waya uliobaki mle unaishia kwenye vavu yako.

Wakati wa kufunga, angalia ule mstari wa maandishi unavyokwenda. Ukinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, sawa. Ukianza kujizungusha kama mstari wa kamba ya katani, umeisokota wakati wa kukaza, na hozi iliyosokotwa ina umri mfupi. Legeza, shika hozi kwa spana ya pili, kaza upya.

Oringi ya hiyo fitingi ya robo tatu omba namba 908, naitrili yenye ugumu wa 90. Usichukue kwenye kasha la milimita "inayokaribiana". Bei yake haifiki soda, huna sababu ya kukadiria. Ipake oili, isukume kwa kidole, bisibisi kaa nayo mbali.

Sili za spuli toa spuli moja, maliza, rudisha, ndipo uende ya pili. Kila spuli imesuguliwa pamoja na tundu lake kiwandani, ukizichanganya zitakwama au zitapitisha.

Dada Kokoto

Kwa asiyetaka kumwaga tangi zima kila akifungua fitingi moja: mimi natumia mashine ya kuvutia vumbi, ile ya kufanyia usafi ofisini. Naweka mpira wake kwenye mdomo wa tangi la haidroliki, nazungushia kitambaa, naiwasha. Inavuta hewa ya juu ya mafuta, mafuta yanabaki huko yaliko. Unafungua chini unabadilisha oringi, yanadondoka matone tu. Mtu wa pili asimame kwenye swichi, na isiachwe ikavuta oili yenyewe. Mume wangu alicheka siku ya kwanza, siku hizi anaiazima bila kuniomba.

Kijana wa Kibaha

Naomba kudandia uzi. Yangu haivuji nje hata tone ila baketi nikiinua asubuhi nakuta imelala yenyewe. Nimeambiwa nizibe matundu yote mawili ya jeki kwa plagi. Ikishuka ni sili ya pistoni, isiposhuka ni vavu. Ni sahihi?

Fundi Mnyamavu

Wengi hupima hivyo na wengi hubadilisha vavu nzima isiyo na kosa. Fikiria: ndani ya jeki upande mmoja wa pistoni kuna rodi, ile fimbo inayotoka na kuingia, upande mwingine hakuna. Ili rodi irudi ndani lazima mafuta yatoke kwenye jeki, maana rodi yenyewe inahitaji nafasi. Umeziba kote, yatoke yaende wapi? Hata sili ya pistoni iwe imeisha kabisa, jeki itasimama. Wewe utasema jeki nzima, vavu mbovu.

Fanya hivi. Isukume jeki mpaka mwisho wa urefu wake. Zima, ondoa presha. Fungua hozi ya upande wa rodi tu, ziba hozi, lile tundu la jeki liache wazi huku umetega ndoo. Washa, endelea kuisukuma kule kule ilikokwisha, taratibu, wewe ukiwa mbali na uso wa tundu. Mwanzo yatatoka mabaki kidogo. Yakikoma, sili ni nzima, hamia kwenye vavu. Yakiendelea kutiririka, yanapita pembeni ya pistoni.

Ukifungua jeki, kabla ya kununua sili pitisha ukucha kwenye kromu ya rodi. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya itakatwa wiki hiyo hiyo. Mikwaruzo midogo unaisugua kwa msasa wa 1200 kuzunguka rodi, usisugue kwa urefu. Kishimo kirefu ni cha fundi wa lezi na kipande kipya cha chuma chenye kromu. Na ule mdomo wa sili, upande uliopanuka unatazama mafuta. Nimeona umefungwa kinyume na watu wenye vyeti.

Kijana wa Kibaha

Dah. Vavu nilishatafutiwa bei. Asante sana mzee.

Tofali Sita

Wakuu narudi nikiwa nimenyong'onyea. Oringi mpya, sili za spuli mpya, hozi sahihi ya 2SN. Nimetandika makadibodi chini ya mashine usiku tisa mfululizo, asubuhi makavu. Pedeli kavu. Nimepuliza poda mara ya pili, hakuna mstari hata mmoja.

Na oili imeshuka tena, kama lita tatu kwa wiki. Nje haitoki. Moshi ni ule ule wa kawaida, oili ya injini haijaongezeka, na kwenye rejeta nimechungulia hakuna mafuta. Kuna jirani ameshaanza kunitajia mtaalamu wa Kisiju.

Theluji na Chai

Boss, mganga ngoja kwanza. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nafanya kazi kwa ng'ombe wa maziwa, na hizi mashine ndizo tunazokombea mavi na theluji. Hata zilizaliwa huku huku: ndugu wawili wanaoitwa Keller waliunda ya kwanza miaka ya 50, magurudumu matatu, kwa mfugaji wa batamzinga aliyetaka kitu cha kugeuka ndani ya banda. Ile ya magurudumu manne ikaja 1960.

Sasa swali. Umewahi kufungua boksi la cheni?

Hiyo mashine haina gia boksi kama gari. Kila upande kuna mota ya haidroliki, mota inazungusha cheni, cheni inazungusha gurudumu la mbele na la nyuma la upande huo. Cheni zimekaa katikati ya mashine ndani ya boksi lenye oili yake. Shafti ya mota inaingia mle ndani, na kitu pekee kinachotenganisha oili ya haidroliki na ile ya cheni ni sili moja ndogo. Ikiisha, oili haimwagiki nje. Inahamia chumba cha pili. Tangi linapungua, boksi linajaa, na wewe unaosha mashine.

Kwa mbele chini kuna plagi ya kupimia kiwango. Ifungue mashine ikiwa imepoa, na simama kando.

Tofali Sita

Niliposoma "simama kando" nilidhani ni utani. Nililegeza plagi mizunguko minne, wa tano ikanitoka mkononi. Oili ikaruka kama maziwa ya ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa. Ikajaza dumu la lita 20, nikakimbilia ndoo ya pili, ikafika nusu ndipo ikatulia kwenye usawa wa tundu. Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nanunua oili naihamishia chumba cha pili kwa gharama yangu.

Theluji, ukija Dar unanidai pweza.

Theluji na Chai

Nitakuja Desemba, huku ndio mbaya zaidi 😄. Lakini boss usibadilishe sili ukaishia hapo. Ile sili haikuumbwa kuzuia presha kubwa. Uliza ni nini kiliisukuma. Mara nyingi filta imeziba au njia ya oili kurudi kwenye tangi imebanwa, presha inapanda ndani ya mwili wa mota, inatafuta pa kutokea. Filta yako umebadilisha lini?

Tofali Sita

Swali gumu hilo. Tangu nimeinunua sijaigusa.

Fundi Mnyamavu

Nilikuwa nasoma kimya. Theluji kamaliza kazi, mimi hilo boksi sikulifikiria kwa sababu ulisema pameloa kila mahali, nikaamini macho yako.

Mota ikishatoka, kagua shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Kama umejichimbia kamfereji kanakoshika ukucha, sili mpya ikikaa mle mle itaendelea kupitisha. Kama nafasi ipo, igongee kwa kina tofauti kidogo, milimita moja au mbili, mdomo ukae kwenye chuma kisichochoka. Kama haipo, kuna pete nyembamba za chuma zinazovishwa juu ya shafti. Igonge kwa kipande cha bomba kinacholingana na duara lake, nyundo isiiguse yenyewe.

Dada Kokoto

Na oili unaweka ipi? Maana nimeona watu wanaweka 68, ile oili nzito ya haidroliki, kwenye kila kitu chenye jina haidroliki.

Tofali Sita

Nilikuwa naweka hiyo hiyo 68, dada. Kitabu cha mashine tulichokipata kwa Kiingereza kinataka oili ya injini, 10W-30 au 10W-40, ndiyo inayozunguka kote, hadi kwenye mota. Mota zote mbili tumezitoa, ya kushoto na ya kulia, kwa sababu kazi ya kufika pale sitaki kuirudia. Ya kushoto sili imekuwa ngumu kama kwato na shafti ina kamfereji. Ya kulia ilikuwa inajiandaa. Filta tulipoitoa ilikuwa imebonyea kwa ndani kama kopo lililokanyagwa. Fundi wangu aliishika akanitazama, hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Tumemwaga oili yote, ya tangi na ya boksi, tumeweka 10W-40 na filta mpya. Siku ya kwanza tuliiwasha bila kuongeza gesi, tukaiacha ijivute hewa, mikono tukaipandisha na kushusha taratibu mpaka kelele ya pampu ikaisha.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Kipimo cha tangi hakijasogea. Plagi ya boksi nimefungua jana: kiwango pale pale kwenye tundu. Opereta amerudisha viatu vyake vya zamani, anasema hivi vya kuzuia kuteleza vinambana.

Ila asubuhi hii kadibodi ilikuwa na tone moja, upande wa injini. Nimelinusa. Ni dizeli.

Fundi Mnyamavu

Angalia ile mipira midogo ya kurudishia dizeli juu ya nozeli, kwenye Kubota hukauka ikapasuka nchani. Ukinunua, nunua mita nzima, ubadilishe yote kwa pamoja. Na pete ya ndoa imepata mwenyewe?

Tofali Sita

Bado. Ila kuna kijana mmoja tangu siku ile haachi kuosha mikono akiwa peke yake.